Nani Alikuuliza Habari ya Lori

Jana, hapa Gitega, nilisahihisha mitihani ya darasa la sita mpaka nikatamani kutupa kalamu. Swali linasema eleza jinsi ya kutunza mbuzi; mtoto ananieleza walivyomchinja Krismasi. Ameona mbuzi, basi, mbio! Jamani, kusoma mstari mmoja hadi mwisho kunauma wapi? Nikasonya, halafu nikaona aibu, maana mimi mwenyewe niliwahi kufanya kituko kikubwa zaidi.

Mama na mimi tulikuwa tumetoka ukimbizini Tanzania, tumerudi kwetu Gashoho, kule Muyinga. Siku zile kila mtu alituuliza jambo moja: mlirudije? Aliuliza mkuu wa kilima, kiongozi wa kijiji chetu, akauliza padri, akauliza jirani aliyekuja kuomba moto tukiwa tunachambua maharage. Mama alichoka mapema, akaniachia mimi. Nikawa na jibu langu tayari: lori, turubai likipigapiga, vumbi kwenye meno, kuku wetu aliyetaga mpakani na mama akalifunga yai kwenye ncha ya kanga.

Ukafika mtihani wa taifa wa darasa la sita. Ukifaulu, unakwenda shule ya bweni Gitega. Ukishindwa, unarudia mwaka. Mama alikuwa ameshaanza kuniagia kwa majirani. Swali la insha, kwa Kifaransa, lilisema: mvua imekukuta ukirudi kutoka sokoni, eleza ulivyofanya. Mimi nikaona "kurudi". Nikajaza kurasa zote, nikaomba na karatasi ya ziada, kichwa kimevimba.

Nje mwalimu akatuuliza tulichoandika. Nikamsimulia kwa fahari. Akashika kiuno.

"We! Na mvua iko wapi?"

"Haikunyesha, mwalimu. Kulikuwa na vumbi."

"Mi nasemaga kila siku, question munasoma mara mbili! Nani alikuuliza habari ya lori?"

"Watu wote, mwalimu."

Nilishindwa. Rafiki yangu akaenda Gitega, mimi nikarudi kwenye dawati lilelile, nikiwa na hasira na kila aliyewahi kuniuliza.

Sasa mama hayupo, na hakuna anayeuliza tena tulirudije. Mambo yananitoka. Mama aliimba wimbo gani tulipovuka? Alilia, au ni mimi niliyelia? Yote niliyaandika kwenye karatasi ile, yakiwa bado mabichi. Aliisoma mtu mmoja tu, mara moja, akiwa amechoka kama mimi jana, na alichokitafuta ni mvua.