Mama Bluu na Darubini ya Marehemu

Mtaa mzima ulimwita Mama Bluu, kwa sababu ya ile bluu ya kufulia iliyokuwa haimtoki kwenye kucha. Alifua nguo za watu nyumbani kwake: makoti ya madaktari, mashuka ya nyumba za wageni, mashati ya makarani wasio na wake. Nguo ikiingia kwenye beseni lake na doa, doa hilo limekwisha habari yake. Kamba sita zilikatiza ua wake, na ole wako upite chini yake na vumbi miguuni. Mimi ni fundi miwani, kutwa nzima nashika vioo vilivyofutwa kwa ncha za mashati, kwa hiyo uchafu naujua. Yule mama alikuwa msafi mpaka anaudhi.

Mume wake alikuwa fundi saa. Meza yake na yangu zilikaa kwenye baraza moja kwa miaka ishirini na miwili, tukigombea mwanga wa mlangoni, na kwa kuwa yeye alikuwa kaka kwangu, mkewe nilimwita shemeji. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Anasa yake ilikuwa moja tu, darubini. Aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama: bomba refu jeupe lililomfika kifuani, na chini yake kioo kinene chenye ukubwa wa sahani. Ilikuwa imetumika, tena imechubuka, lakini aliipenda kuliko chakula.

Na mimi nilitaka yangu. Siku moja nilimpeleka dukani nikamwonyesha mpya, boksi lake limejaa picha za sayari za kila rangi. Aliigusa stendi kwa kidole kimoja, ikatetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Hapa unauziwa boksi," aliniambia njiani. "Darubini ni kioo, ndugu yangu. Tafuta kioo kizuri, hata kama bomba ni bovu. Na ukikipata, usikiguse."

Hilo la kutogusa alilirudia kila mara. Kioo cha darubini si kama cha kujitazamia. Utandu wake unaong'aa hauko nyuma, umekaa juu, wazi, na ni mwembamba ajabu. Vumbi likitua unaliacha, halina madhara makubwa. Ukilisugua, umeharibu. Nyumbani kwake neno hilo lilikuwa sheria, na Mama Bluu aliishi nalo kwa taabu, kama mtu aliyeambiwa asifagie chini ya kitanda chake mwenyewe.

Jioni za mwezi fundi saa aliomba kamba moja ishushwe, akasimamisha bomba lake uani, akaita, "Mama watoto, njoo uone!"

Jibu lilitokea kwenye beseni au kwenye pasi. "Nina nguo!" Siku akiwa na furaha alisema, "Nikimaliza hizi." Haukuwa ubaya. Watu walikuwa wameanza kutazama saa kwenye simu zao, meza ya mumewe imepoa, na ni nguo hizo zilizosomesha watoto wao watatu. Basi aliyekuwa anaangalia ni mimi. Fundi saa alinipisha, akasimama pembeni na mikono nyuma, akinitazama mimi badala ya mbingu, meno nje.

Alikufa kwa kifua, wiki mbili tu. Sitaki kuieleza. Meza yake sijampangisha mtu hadi leo.

Miezi sita baadaye Mama Bluu alikuja barazani, akakataa kiti.

"Shemeji, ile darubini nauza. Kila nikianika namwona amesimama pale. Ichukue wewe uliyekuwa unaipenda."

Moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijakumbuka kuhuzunika, na jambo hilo linaniaibisha mpaka sasa.

"Ila nina sharti," akaendelea. "Kabla hujaiondoa, na mimi niangalie. Mara moja tu. Nataka nione alichokuwa anakiona mzee wangu siku zote zile alizokuwa ananiita."

Tukapatana Jumamosi saa kumi na moja jioni, maana nusu ya mwezi ingekuwa juu tayari, kukiwa bado mchana. Nilimkuta amevaa gauni lake la kutokea. Kamba zote zilikuwa tupu, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona pale, na darubini imesimama katikati ya ua, bomba limeoshwa hadi linameta. Alinipokea kwa uso wa mtu mwenye zawadi.

"Sikutaka utoke na kitu kichafu nyumbani kwangu," alisema. "Kile kioo, shemeji! Vumbi la miaka! Nimekifungua kwa bisibisi yake mwenyewe, nikakipiga sabuni ya unga na dodoki. Kilikuwa kinatoa weusi weusi, nikasugua mpaka ukakatika."

Nilimulika tochi ndani ya bomba kama marehemu alivyonifundisha, nikaona ubao uliokuwa nyuma ya kioo. Utandu wote ulikuwa umeondoka. Kilichobaki ni kioo kitupu chenye mikwaruzo ya duara duara, kazi ya mkono hodari. Mimi ambaye wateja wananikimbia kwa ukali, ambaye nimewahi kumfokea hakimu kwa kufuta miwani kwa tai, siku hiyo nilisema ahsante tu.

Alikuwa ananisubiri. Nikaelekeza bomba kwenye mwezi, nikampisha. Aliinama, akaweka jicho.

"Naona weupe tu," alisema. "Kama maji ya wanga. Ndiyo yenyewe?"

Nilimwonea huruma. "Ndiyo," nikasema. "Ndivyo mwezi ulivyo."

Akainuka polepole. "Hivi tu?" Alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na raha hata kidogo. "Maskini mzee wangu! Miaka yote hiyo kumbe anatazama maji ya wanga. Na mimi nilikuwa nikijilaumu usiku kucha kwamba sikwenda. Kumbe hakukuwa na kitu. Alikuwa anajipotezea muda tu, masikini ya Mungu."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Uongo nilioutoa ili yeye asiumie ulikuwa umemwangukia rafiki yangu, ambaye hana tena mdomo wa kujitetea. Nilikuwa nimemgeuza mpumbavu mbele ya mkewe. Nikapiga moyo konde.

"Shemeji, nimekudanganya. Hakuwa anaona hivyo."

Nikamwambia yote, utandu, sabuni, dodoki, bila kupunguza. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Alinikataza," alisema.

"Alikukataza."

"Nilidhani uvivu. Nilidhani ni wanaume tu na uchafu wao." Akalikalia karai lililopinduliwa. "Kitu chake cha mwisho, shemeji, nimekifua."

Akalia. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa anahangaika na vikombe vya wageni. Siku hiyo alilia mpaka gauni likalowa kifuani, na mimi nikalia nimesimama, nimeshika tochi inayowaka mchana.

Baadaye aliniuliza mumewe alikuwa anaona nini hasa. Nikajaribu. Nikasema milima, nikasema mashimo, nikasema vivuli vyeusi. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa harusi ambayo hakualikwa.

Niliinunua hivyo hivyo. Alikataa bei, tukavutana, mwisho nikaziacha fedha chini ya pasi. Kioo nilikituma nchi ya mbali kwa mafundi wanaopaka utandu upya, nikakisubiri miezi tisa. Kiliporudi sikuangalia mwezi nacho hata mara moja. Nilikifunga mahali pake na kuubeba mzigo wote hadi uani kwake.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limetua, na mwezi ni nusu, kama ule wa siku ile. Kamba aliishusha mwenyewe bila kuambiwa. Nikalenga, nikazungusha mpaka picha ikatulia, kali kama ukingo wa wembe. Akafuta mikono kwenye khanga, akainama.

Alikaa hapo kwa muda mrefu. Mwezi ulikuwa unahama, nami nikawa nausukuma ule mdomo wa bomba taratibu ili usimpotee.

"Shemeji," alisema bila kuondoa jicho, "kuna mlima umesimama peke yake. Una kivuli kirefu."

"Upo."

"Aliniambia. Alikuja mpaka mlangoni, akaniambia, mama watoto, leo kuna mlima umesimama peke yake, njoo uone. Nikamwambia nina nguo."

Nikausukuma tena mdomo wa bomba kidogo.

"Zilikuwa nguo za nani?" aliuliza, jicho lake bado kwenye darubini. "Najaribu kukumbuka, shemeji. Hata sikumbuki zilikuwa nguo za nani."