Sala Isiyo na Kibali

Wiki hii, katika ofisi moja ya serikali huku mtaa wa Rohero, nilipanga foleni nyuma ya mmisionari mzungu aliyekuja kutafuta kibali cha kuhubiri. Karani akamtikisia kidole.

"Apana, pasta. Bila kibali, kuhubiri apana, kuombea watu apana."

Mzungu akaitikia kwa kichwa. Karani akachungulia mlangoni, kisha akashusha sauti.

"Lakini gari yangu imelala ku foleni ya mafuta tangu juzi. Uniombee kidogo. Pole pole, shefu wa ofisi asisikie."

Mzungu akafumba macho, akanong'ona. Hata kabla ya amina, simu ya karani ikalia: mafuta yamefika! Akapiga ishara ya msalaba, akanyakua funguo, akafunga dirisha na kutoka mbio.

Foleni nzima ikabaki mbele ya dirisha lililofungwa. Mama mmoja nyuma yangu akamgeukia mmisionari kwa hasira. "We pasta, ni we ulimufukuza. Sasa omba arudi!"

Mzungu akamtikisia kidole, vilevile kama karani.

"Apana, mama. Sina kibali."

Na bado kuna watu wanasema wageni hawaheshimu sheria zetu.