Jibu Halipokelewi Peke Yako

Mama yake Mwanaisha, kule Pemba, alimaliza uzee wake akiwasahau hata wanawe. Ndiyo maana Mwanaisha, mpishi wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Uarabuni, alipotimiza miaka hamsini na minane alijitolea kupigwa picha ya ubongo katika utafiti wa maradhi hayo ya kusahau.

Siku ya majibu, mwaka 2017, alifika na wenzake wanne wa jikoni, chupa ya kahawa na sahani ya halua. Kwao jibu la posa halipokelewi na mtu mmoja, sembuse la kichwa! Dokta Cheryl, Mkenya, akawaacha wale wanne mlangoni, akamweleza Mwanaisha taratibu: hatari yake imezidi kidogo ya wengine, lakini huo si ugonjwa, na huenda ugonjwa wenyewe usimpate maishani.

Mwanaisha akashusha pumzi, akafungua mlango. "Ingieni, jamani!"

"Mama, haya ni siri yako," Dokta akamzuia.

"Siri!" Mwanaisha akamaka. "Mwanangu, umeniambia huenda nikaja kusahau, kisha wataka niyakumbuke peke yangu?"

Dokta akacheka mpaka machozi, akavuta viti vinne, akaanza upya, halua mkononi.