Manivone Alikula Nyama Mbele Yao

Mama yake Manivone alizika watoto watatu. Wote walizaliwa wanene, wakanyonya vizuri, na wakikaribia mwezi wa tatu sauti zikawakauka. Walilia mdomo wazi bila mlio, na jua halikuzama wakiwa hai. Kijijini kwao, kando ya mto Mekong, walisema wameuawa na mzimu wa mjane. Manivone, aliyewabeba wadogo zake hao mgongoni, hakumwamini mzimu huyo hata kidogo.

"Mbona mzimu huyo haui vifaranga vya bata?" aliuliza, akala kofi.

Alisoma hadi akawa daktari, akaenda ng'ambo kuchunguza jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, kisha akarudi mkoani kwao, Savannakhet. Katika chumba kidogo nyuma ya hospitali ya wilaya alipima damu na maziwa ya wanawake waliojifungua. Karibu wote walipungukiwa vitamini B1, na mtoto asipoipata kwenye maziwa, moyo wake huchoka ghafla. Sababu haikuwa mbali. Mzazi alilazwa kando ya moto wiki baada ya wiki, akilishwa wali wa kunata, chumvi na tangawizi ya kuchoma. Nyama mwiko. Maharage mwiko.

Mganga mkuu, Daktari Khamsing, hakutaka kusikia. "Watoto wanakufa kwa nimonia. Wewe umekaa ng'ambo kidogo tu, basi wali wa mama zetu umekuwa sumu!"

Asubuhi moja aliletwa mtoto wa kike, midomo imebadilika rangi, analia kimya. Manivone alikijua kilio kile. Akavuta vitamini kwenye bomba la sindano.

"Ukimchoma bila ruhusa yangu," alisema Khamsing, "chumba cha utafiti huna tena."

"Chukua chumba," alijibu, akachoma.

Mchana haujafika, mtoto alipata rangi, akatafuta titi, kisha akaangua kilio kilichosikika hadi getini. Mama yake alikaa chini sakafuni akalia naye. Khamsing alisema ni bahati tu, na jioni hiyo akatia kufuli mlango wa chumba cha utafiti.

Manivone akahamishia utafiti vijijini, siku zake za mapumziko. Huko nako alipokelewa kwa vicheko.

"Daktari, umezaa wewe?"

"Bado."

"Basi kaa kimya, dada. Tumbo lililozaa tunalijua sisi."

Neno hilo lilimchoma kuliko kufuli.

Umri ukiwa umesogea, yeye na mumewe Thongdy wakiwa wamekata tamaa, akashika mimba. Alipojifungua mtoto wa kiume, mama mkwe wake, Mama Bouakham, akawasha moto chini ya kitanda cha mianzi na kuleta bakuli la wali na chumvi. Moto Manivone aliukubali, alipenda joto lake. Bakuli akalirudisha.

"Thongdy! Niletee nyama ya nguruwe. Na maharage."

Nyumba ilijaa majirani waliokuja kutazama mtoto.

"Mwanangu, utatokwa damu ufe!" Mama Bouakham alimshika mkono.

"Nikifa, mama, mnizike nimeshiba."

Akala mbele yao, taratibu, mpaka akalamba vidole. Kesho yake majirani walirudi kuona kama bado anapumua, wakamkuta anaagiza samaki. Akaamuru mlango uachwe wazi kila mlo, anayetaka kutazama atazame.

Mwezi wa tatu ulipokaribia, ujasiri wote ulimwishia. Mara kwa mara aliweka sikio kwenye mdomo wa mwanawe. Mtoto alipolia kwa nguvu hadi mbwa wakabweka, Thongdy alitaka kumbembeleza.

"Mwache," Manivone alisema, machozi yakimtoka. "Mwache apige kelele."

Mwaka huo wanawake walianza kumfuata wenyewe, kwanza kwa kificho, halafu makundi kwa makundi. Wakala maharage, wakampa damu na maziwa apime. Vilio vya kimya vikapungua wilayani, na matokeo yake yakachapishwa kwa jina lake. Hospitali ikaanza kumpa kila mjamzito vitamini hiyo, na Khamsing akaitisha mkutano kutangaza.

"Tuligundua kwamba..." alianza.

Manivone alisimama katikati ya ukumbi, mtoto kiunoni. "Tuligundua, wewe na nani?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Khamsing alitafuta miwani yake iliyokuwa usoni. Manivone akapita mbele, akashika kipaza sauti, akawaambia mwenyewe alivyogundua.