Tarehe ya Maumivu ya Hadda

Mimi ni ofisa usalama kazini katika kiwanda kimoja cha sadini wa kopo pale Safi, mji wa bandari, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa hodari wa damu. Mtu akikatwa na mfuniko wa kopo, niite. Akiunguzwa na mvuke, niite, nitafika na sanduku la dawa kabla hajamaliza kupiga yowe, na fomu nitaijaza kwa mwandiko mzuri mpaka mkurugenzi anisifu. Wanawake wa mezani waliniita Bwana Kofia, kwa sababu ya kofia ngumu niliyoivaa hata nikinywa chai. Nilidhani ni jina la heshima. Mjinga mimi.

Hadda alikuja ofisini kwangu bila damu, na hapo ndipo nilipoonekana sijui kazi.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza akiwa amesimama kwenye meza ya tatu, akikata vichwa vya sadini kwa mkasi na kuwapanga kwenye makopo. Mumewe alimwacha zamani. Binti yake wa pekee yuko Italia, hupiga simu Jumapili akipata nafasi. Maumivu yalimwanza kwenye kifundo cha mkono wa kulia, yakapanda begani, yakashuka mgongoni, na kwa miaka minne hayakumpa likizo. Hospitali walimpiga picha mara tatu, na mara zote tatu picha ilitoka safi.

"Basi huna kitu," nilimwambia, nikimwita Lalla kama tuwaitavyo wanawake kwa heshima. "Mshukuru Mungu, Lalla Hadda."

"Namshukuru. Lakini naumwa."

"Wapi? Nionyeshe."

Akaunyoosha mkono juu ya meza yangu. Niliutazama juu na chini. Haukuvimba, haukuchubuka, ulinuka samaki tu kama mikono yote ya pale. Nikampa vidonge viwili nikamwambia ajikaze kisabuni.

Mezani nako hakuwa na wa kumlilia. Kila mmoja pale alikuwa na mgongo wake unaomsumbua, na aliyethubutu kusema alionekana anatega kazi. Hadda akiweka mkasi chini kidogo ajinyooshe, mtu anarusha neno: "Jamani, bibi harusi kachoka! Mleteeni mto!" Wote wanacheka. Mwanzoni naye alicheka. Baadaye akawa anakula mkate wake na zeituni peke yake nyuma ya marundo ya maboksi, kwa sababu kule angeweza kuegemea ukuta bila kutazamwa.

Mwaka huo tulipelekwa Casablanca, maofisa usalama wa viwanda mbalimbali, kwa mafunzo ya siku mbili. Daktari mmoja wa kike, mpole, akatueleza habari za maumivu sugu. Alisema kidonda kinaweza kupona na maumivu yakabaki, kwamba picha inaweza isionyeshe kitu, na kwamba anayeumwa hivyo haigizi. Mwenzetu wa kiwanda cha saruji akanyoosha mkono. "Daktari, mimi huumwa sugu kila Jumatatu asubuhi. Nijaze fomu ipi?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, machozi yakanitoka. Daktari akasubiri tunyamaze, akaendelea, lakini saa ya chakula ilikuwa imekaribia na sisi tulikuwa tumeshakunja madaftari.

Niliporudi, nilimkuta Hadda ananisubiri mlangoni. Ni vizuri kujua kwamba pale kwetu mwanamke wa mezani hafukuzwi. Nyapara ana orodha ya simu. Mashua zikiingia na samaki, anapiga, na wote wanakuja mbio. Usipopigiwa, ndiyo basi, huna hata wa kumlalamikia.

"Nasikia Batul anataka kunitoa kwenye orodha," alisema. Batul ndiye nyapara wa meza ya tatu. "Eti mkono umekuwa mzito. Niandikie, mwanangu, kwamba nimeumizwa na kazi. Wanihamishie kwenye kukagua makopo, pale mtu anakaa. Nikitolewa kwenye orodha, nani atanichukua na umri huu?"

Safari hii nilimhurumia, wallahi. Nikatoa fomu.

"Uliumia lini?"

"Sikuumia siku moja. Naumia kila siku."

"Fomu inataka tarehe na saa ya ajali."

"Basi andika miaka kumi na tisa."

"Kisanduku chenyewe kidogo, Lalla!"

Alicheka kidogo, nami nikacheka, kisha nikajifanya mjuaji. Nikaandika: Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, aliteleza kwenye maji kando ya meza ya tatu, akauangukia mkono. Nikamsomea.

"Mimi sijaanguka," akasema.

"Najua. Lakini maumivu yasiyo na ajali hawayaelewi wale. Ukianguka, wanakuelewa."

"Na hiyo tarehe..."

"Tarehe niachie mimi."

"Wakiniuliza je?"

"Nitakuwepo. Wewe tia sahihi."

Akatia, polepole, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

Wiki tatu baadaye tuliitwa ofisini kwa mkurugenzi, Hadda, mimi, na mtu wa bima mwenye miwani. Mtu wa bima alikuwa na karatasi mbili mbele yake, fomu yangu na orodha ya samaki walioingia kiwandani mwezi ule.

"Tarehe kumi na nne mwezi ulikuwa mpevu," akasema. "Hakukuingia hata samaki mmoja."

Nilihisi kofia inanibana. Usiku wa mbalamwezi mashua hazitoki, kwa sababu sadini hawafuati taa za wavuvi. Pasipo samaki, meza hazifunguliwi, na hakuna mwanamke hata mmoja anayekanyaga kiwandani. Safi nzima inajua, hata wauza mikate hupunguza unga siku hizo. Mimi sikukumbuka, kwa sababu mimi samaki waje wasije, ofisi yangu iko wazi na chai yangu inachemka. Miaka kumi na mmoja nawalinda wale wanawake, na siku zao za kazi sizijui! Ndiyo maana Hadda alitaka kuniambia kitu kuhusu tarehe, nikamkata kauli.

Mkurugenzi akamgeukia. "Siku hiyo ulianguka wapi, mama? Sebuleni kwako?"

Hadda aliniangalia mimi. Hakunikazia macho wala hakunisihi, alisubiri tu, kama mtu aliyeahidiwa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: tarehe ni yangu, maumivu ni yake. Ningepewa onyo, pengine ningepoteza kazi. Nikafyata mkia. Nikaivua kofia, nikaiinamia magotini nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Nilikosea tarehe," Hadda akasema. "Lakini naumwa."

"Ndivyo wasemavyo wote," mkurugenzi akajibu, akafunga faili.

Mwezi mpevu mwingine ulipopita, mashua zilitoka tena zikarudi zimejaa. Simu za Batul zikalia mtaa mzima. Jirani yake aliniambia kwamba Hadda alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu alfajiri, kashajifunga kitambaa cha kichwa, simu mapajani, mpaka adhana ya adhuhuri. Hakupigiwa siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile.

Kuanzia hapo hakuna aliyekuja ofisini kwangu. Hata wenye damu hawakuja, wakifungana vidole wao kwa wao kwa vipande vya vitambaa vya zamani. Nilipopita mezani, mazungumzo yalikatika. Mkurugenzi alinipongeza, eti kiwanda hakijawahi kuwa salama hivi. Nilirudi nikakaa na chai yangu, naona aibu ya kuinywa.

Ijumaa moja baada ya sala nilipiga moyo konde nikaenda kwake. Anakaa chumba cha juu, mji wa kale, mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu. Nilipobisha akasema nisukume. Nikasukuma kwa bega. Alikuwa amekaa kwenye godoro, mgongo ukutani.

"Nimekuja kukuomba radhi, Lalla Hadda."

"Umewaambia?"

"Faili limeshafungwa."

"Nimekuuliza, umewaambia?"

"Bado."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nilitamani anitukane, hata tusi moja, nipate cha kubeba kwenda nacho. Hakunitukana. Alifumba macho, akavuta pumzi kwa tabu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nenda, mwanangu. Ila mlango uvute mwenyewe. Leo mkono haunifai kitu, na nikiuacha wazi baridi inaniua."

Nikatoka, nikaushika kwa mikono yangu miwili mizima, nikauvuta mpaka ukafunga, yeye akiwa ndani.