Kucha Tatu Nyuma ya Kibao

Harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa hunitia hasira hadi leo. Nitenganishe mambo mapema. Nimesikia, wala sikuona, kwamba Mzungu mmoja niliyemjua utotoni alipewa cheo kikubwa katika chuo kikuu cha kwao kwa ujuzi wake wa lugha za kale za Babeli. Nimesikia pia, hapa hapa Korogwe, kutoka kwa watu ambao hawakuwapo, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mama yangu ufinyanzi. Huo ni uongo. Yafuatayo niliyaona.

Mama alikuwa Mzigua wa Handeni, na kazi ile alifunzwa na bibi. Tulikaa Kwamndolwa, akiwauzia vyungu wakata mkonge. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimemfungia Mzungu njia ya Iraki, alikozoea kuchimbua vibao vya udongo vilivyoandikwa na watu wa kale, akawa mtunza ghala wa shamba la mkonge. Jumapili alikuja uani kwetu na kijiti cha tete kilichochongwa. Alitengeneza vibao vyake mwenyewe, akavibonyeza alama mfano wa nyayo za kuku. Vyote vilipasuka.

Jumapili moja mama alimega kimoja, akakionja kwa ulimi, akatema.

"Bwana, hiki umekifinyanga au umekikoroga? Uji mtupu!"

"Sasa nifanyeje, mama?"

Mama alitwanga vigae vya chungu kilichovunjika, akachekecha unga wake, akaukanda pamoja na udongo hadi jasho likamdondoka puani.

"Usipoandika, funika kwa kitambaa kibichi. Na ugeuze! Upande mmoja mkavu, mwingine maji, kisipasuke kwa nini?"

Mzungu aliyaandika yote katika daftari.

"Na mimi umeniandika humo?"

"Nitakuandika, mama."

"Si 'mama' tu. Mwanaidi binti Mhina. Sema nisikie."

Alisema. Nilivimba kwa fahari, kwani niliamini kwamba anayeandika maneno ya mtu anamheshimu mtu huyo.

Nilikikuta kitabu chake katika maktaba ya chuo nilikosomea ualimu, mama akiwa ameshazikwa. Sura nzima inaeleza vigae vilivyotwangwa, kitambaa kibichi, kugeuza. Anadai aliyagundua kwa majaribio yake. Amemshukuru meneja wa shamba, mkewe, hata mbwa wake. Nimekisoma mara tatu, ukurasa kwa ukurasa. Mwanaidi binti Mhina hayumo. Ndipo nilipoelewa kwamba daftari lile halikuwa likimtunzia mama kitu; lilikuwa likimchukulia.

Ipo picha moja ya mgongo wa kibao. Pembeni mna mikwaruzo mitatu, na chini ya picha ameandika kwamba ni dosari ya ukandaji. Mama hakuchoma chungu hata kimoja kabla ya kukibonyeza kucha tatu kwenye kitako. Jumapili ile alikibonyeza vivyo hivyo kibao kile, kilichofinyangwa kwa udongo alioukanda yeye, Mzungu akiwa ametupa mgongo ananawa mikono. Nilisimama karibu na mama. Niliona.