Tiyo ya Pili

Juzi nilikuwa nikinunua sabuni dukani Mweso. Fundi, mama aliyekimbia vita Rubaya, alikuwa akifunga mabomba mawili ya kutolea maji yanayozidi katika tangi jipya la samaki la mwenye duka. Tangi la zamani lilikuwa na bomba moja.

"Mama, tiyo ya pili iko ya nini?" mwenye duka aliuliza, akiligusa bomba la pili.

Mama akavua kitambaa chake cha kichwa, akaziba nacho bomba la kwanza. Maji yaliyokuwa yakijaza tangi yakapanda hadi ukingoni. Mwenye duka akanyoosha mikono kama anayedaka mtoto. Hapo bomba la pili likayameza yote, kimya kabisa. Nilisahau sabuni.

"Papa, kwetu nyumba ilikuwaka na mulango moja tu," alisema, akikamua kitambaa.

Mimi huwasifia wageni uimara wa mlango wangu mmoja. Jioni ile nilikuwa nikigonga ukuta wa nyuma, nikitafuta pa kutoboa.